Supu ya Maharage ya Mjomba Wako Melki

Kezia mwanangu,

Anayekuandikia ni baba yako Zakaria, mwenye miaka sabini na miwili, na bado nabeba gunia la mchele toka kwenye gari mpaka ghorofa ya pili bila kulitua njiani. Vita viwili vimepita juu yangu vikaniacha nimesimama. Kambi tatu za wakimbizi nilizolala kule Kigoma zimefungwa zote, majani yameota, mimi sijaota majani. Magari manne yamenifia mkononi. Daktari aliyeniambia niache chumvi amekufa yeye. Mama yako nimemzika. Kwa hiyo sikubali mtoto wa miaka ishirini na moja anifanye mimi mzee wa kuagizwa ujumbe wa simu.

Jumanne ulisimama pale kwenye friji, simu mkononi, ukaniambia, "Dadi, ile supu yako ya Mgiriki nitumie tu kwenye simu, oke? Kule sitakuwa na hela, nitapika hiyo hiyo wiki nzima." Nikasema sawa. Halafu ukacheka, ukaongeza, "Ila nitamwambia Anko Magadi asisogelee sufuria."

Hapo ndipo nilipokupigia kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Nilikuita mtoto asiye na adabu. Nilisema supu haipikwi kwa kidole gumba. Ukalia, ukaingia chumbani, ukadhani baba amekasirikia simu. Simu haina kosa. Nilikasirika kwa sababu kesho asubuhi unapanda basi kwenda Buffalo, kwenda kulala katika nyumba ya mjomba wako Melki na kula chakula chake mpaka umalize masomo yako ya uuguzi, na salamu yako ya kwanza mlangoni kwake ingekuwa jina hilo. Jina hilo nilimpa mimi. Na kosa analochekwa kwalo si lake. Ni langu.

Umeshasoma. Sasa ukitaka kuichana barua, ichane, lakini hiyo supu hutaijua.

Umekwenda Hilliard, ng'ambo ya mji, kuagana na kwaya, nami nimebaki na maharage motoni na daftari lako la zamani la shule. Mimi sikusoma. Herufi nilifundishwa nikiwa na ndevu, kambini, na mwalimu ambaye ningeweza kumzaa, na katika darasa lile nilikuwa wa kwanza kuandika jina langu bila kuangalia ubao. Muulize yeyote. Sitakuandikia habari za koti, wala kufunga mlango, wala wavulana. Hayo akina mama wa kanisa wamekujaza mpaka yamefurika. Mimi nakuandikia maharage.

Nunua meupe, makavu, ya kwenye mfuko. Usiniletee ya kopo. Naona Warundi wenzangu wazima, watu waliolelewa na maharage toka tumboni mwa mama zao, wanasimama dukani wanachagua kopo kama wanachagua saa ya mkononi! Kopo moja halimshibishi paka. Mfuko mmoja utakula siku nne, na siku ya pili supu ni tamu kuliko ya kwanza. Yaloweke yalale kwenye maji. Asubuhi mwaga maji hayo. Tia mengine, yachemke kidogo, mwaga tena. Najua utasikia uchungu. Hata mimi nilipiga kelele siku ya kwanza nilipomwona mjomba wako akiyamwaga kwenye sinki kule Louisville, mji wetu wa kwanza huku. Kambini, kumwaga maji yaliyokwisha kuchemka ni kumwaga kuni.

Ndiyo, nimesema mjomba wako. Miaka yote nimekuambia kwamba Mzee Stavro, yule Mgiriki mwenye mgahawa, alinishika mkono akanifundisha mimi supu ya kwao. Alimfundisha Melki. Mimi nilikuwa naosha masufuria.

Wewe ulikuwa na miaka kumi. Melki alipata kazi pale kwanza, kisha akamwomba Mzee Stavro anichukue na mimi. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Ni shemeji yangu, mtu mzima, hachagui kazi." Badala ya kushukuru nilichukia. Mimi nilimwoa dada yake, Melki akiwa bado anachunga mbuzi za watu, leo ndiye anayeniombea kazi ya kusugua? Nikasugua kwa hasira mpaka Mama Furaha, yule Mkongo tuliyekuwa tunaosha naye vyombo, akaniuliza kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa, "Papa Kezia, uko mukali hivyo, donc hata masufuria inakuogopa?"

Wagiriki wana mfungo wao kabla ya Pasaka. Hawagusi nyama, hawagusi siagi, na siku hizo supu hii ya maharage, wenyewe wanaiita fasolada, ndiyo mfalme. Ijumaa moja kanisa lao liliagiza sufuria kubwa, ile inayobebwa na wanaume wawili. Maharage ya siku hiyo yalikuwa yamekaa sana ghalani. Yalilowekwa, yakachemka, yakatiwa nyanya kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha, bado magumu kama meno. Mzee Stavro alikuwa amekwenda kuchukua mikate. Melki akatakiwa atoke kidogo kufuata seleri, yale mabua ya supu yenye harufu, na malimau. Akafuta mikono, akaniambia kwa heshima zote, "Shemeji, nakuomba uniangalizie moto. Usiongeze kitu."

Usiongeze kitu! Kezia, hata leo nikiandika maneno hayo nakandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Mimi niliyepikia shule nzima kambini, watoto wamepanga mstari na vikombe mpaka nje ya uzio! Mimi nimepika maharage kwa kuni mbichi, kwa mabua, kwa mlango wa choo. Ananifundisha maharage yule?

Sasa kwetu kambini kila mtu alijua dawa ya maharage magumu. Ni magadi. Unatupia kidogo, yanalainika kabla kuni hazijaisha. Kuni zilikuwa mbali, na wanawake waliofuata kuni hawakurudi wote salama, kwa hiyo aliyepika bila magadi tulimwona ama tajiri ama mjinga. Nikatazama pale jikoni nikaona boksi la magadi ya dukani, lile tulilokuwa tunasugulia masufuria yaliyoungua. Nikatia. Nikapima kwa kipimo cha kambi, konzi mbili, kisha nikaongeza ya tatu kwa sababu ya yale maneno ya Melki.

Povu likapanda kama linafukuzwa. Likamwagika, likazima moto upande mmoja. Lilipotulia nikachota kijiko, na nakuambia ukweli, kwa muda mfupi nilifurahi, maana maharage yalikuwa laini. Nikatabasamu peke yangu kama mpumbavu.

Mama Furaha akaja na mikono yake ya sabuni. "Papa Kezia, umetia nini mule?"

"Nimemsaidia mtoto."

"Ile si ya kusafisha masufuria?"

"Magadi ni magadi, mama. Hujakaa kambini?"

"Nimekaa. Lakini huyu Mgiriki yeye hajakaa."

Tulipoonja, tulionja sabuni. Maganda yalikuwa yanaelea, maharage yamekuwa uji, rangi imekuwa ya maji ya mfereji. Na Mzee Stavro akaingia na mikate yake.

Alionja mara moja, akatema kwenye sinki. Akauliza, "Nani?" Wakati huo huo Melki anaingia mlango wa nyuma, boksi la seleri begani. Akaona sufuria. Akaona boksi la magadi pembeni ya jiko. Kisha akanitazama mimi.

Mwanangu, nisikilize hapa. Wewe umekulia huku, labda hujui. Kwetu Melki hawezi kuninyooshea kidole mimi, mume wa dada yake, mbele ya mtu wa nje. Angekufa kwanza. Kwa hiyo hakusema. Alinisubiri mimi niseme. Alisimama na lile boksi begani hata hakulitua, akanisubiri. Nami nikachukua sahani ambayo ilikuwa safi nikaanza kuiosha.

Alipoona hivyo akasema, "Sufuria ni yangu, bosi." Hakusema "nimeharibu mimi." Hakudanganya hata neno moja. Sufuria ilikuwa yake. Mzee Stavro akapiga kelele kwa Kiingereza na kwa Kigiriki, akamwonyesha mlango. Melki akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya seleri, akatoka. Kesho yake Mzee Stavro akanirushia mimi aproni ile ile. Nikaivaa. Ilinibana kifuani, nikaivaa hivyo hivyo miezi kumi.

Unajua nani alinifundisha supu basi? Ukutani karibu na jiko Melki alikuwa amebandika karatasi, ameandika kwa Kiswahili kwa mkono wake, asisahau. Mwaga maji. Nyanya baadaye. Chumvi mwisho. Mimi nilikuwa nasimama pale nasoma herufi moja moja, midomo inacheza, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipoikariri nikaichana, watu wasione mwandiko ni wa nani. Hiyo ndiyo "supu ya Zakaria" inayosifiwa toka Louisville mpaka hapa Columbus, wanayoniita nipike kwenye kila msiba na kila ubatizo. Karatasi ya mtu niliyemtoa kwenye kazi.

Subiri nigeuze maharage.

Nimerudi. Yamelainika, kwa hiyo sasa ndio wakati wa nyanya, na wewe usije ukatia mapema, maana uchachu wa nyanya unayakaza. Lakini kabla ya nyanya tia kitunguu kilichokatwa, karoti za kukata mviringo, na seleri pamoja na majani yake. Majani ndiyo harufu. Huku wanayakata wanayatupa, nami nikiwaona nataka kulia. Tafuta yenye majani. Karoti nunua zilizopinda, zinauzwa rahisi, tumboni hakuna anayeuliza kama zilinyooka. Nyanya kijiko cha ile ya kopo kinatosha. Mafuta yawe mawili. Ya kupikia yawe haya ya kawaida. Ya zeituni mazuri nunua chupa ndogo, uifiche, na uyamwage mabichi ukishazima moto, kijiko kwa kila bakuli. Mtu ataonja atadhani umepikia chupa nzima.

Nilikuwa wapi. Jina.

Baada ya wiki chache kulikuwa na harusi ya watu wa kanisa letu kule Louisville. Watu wakaniuliza, imekuwaje Melki katolewa kazini na wewe umepanda? Ningeweza kunyamaza. Hata kunyamaza kungekuwa nafuu! Nikasimama na soda yangu nikasimulia. Nikaigiza povu, nikaigiza Mgiriki anavyotema, nikasema, "Huyu shemeji yangu, kambi imetoka mwilini, lakini magadi hayajatoka kichwani!" Ukumbi ukacheka mpaka meza zikatikisika. Mimi nina kipaji cha kusimulia, hakuna anayebisha. Mtu mmoja akapaza sauti, "Melki Magadi!" Basi, likashika. Melki alikuwa meza ya tatu, na wali mdomoni. Wewe ulikuwa pale pia, unacheka, umekaa kwenye mapaja yake.

Kabla mwaka haujaisha akahamia Buffalo, mtaa wa Lower West Side, akaanza na kazi ya kiwanda. Sisi tukaja Columbus. Niliwaambia ni kwa sababu ghala za huku zinalipa vizuri. Uongo. Sikuweza kukaa kanisa moja na macho ya Mama Furaha. Na tazama Mungu anavyojua kumkomesha mtu: baada ya miaka miwili Mama Furaha naye akahamia huku huku, Westerville, kutunza wazee, na akaja kwenye kanisa hili hili.

Lililobaki ndilo baya, nami naliandika haraka.

Melki aliwahi kusema ukweli mara moja tu, kwa mama yako, kwa simu, tukiwa tayari hapa Columbus. Mama yako akaja hapa jikoni, kisu mkononi, alikuwa anamenya karoti. Akasema, "Zakaria, ni kweli ulimwachia Melki mzigo wako?" Nikamwambia, "Ndugu yako ni mwongo. Kama unamwamini yeye, nenda kwake." Alinitazama sana. Kisha akamaliza karoti zake. Toka siku hiyo hakumpigia ndugu yake simu, miaka mitano, mpaka tulipomzika mama yako. Alinichagua mimi. Nina hasira naye mpaka leo, Mungu anisamehe, kwa nini aliniamini? Alinijua miaka thelathini. Alijua ninavyopenda kujisifu. Kwa nini hakunirushia ile karoti usoni?

Unakumbuka msiba. Melki aliendesha gari toka Buffalo kwenye theluji, akafika macho mekundu, wewe ukampokea koti. Watu wawili nyuma yangu wakanong'onezana, "Magadi kafika," wakacheka kwa pua. Kwenye msiba wa dada yake! Nami nilikuwa nasimamia sufuria, nagawa supu, ile supu. Alipofika mbele yangu kwenye mstari alisema, "Pole, shemeji." Nikasema, "Asante." Alishika bakuli, akaliangalia, akalirudisha mezani. Wewe ukaniuliza baadaye kwa nini anko hakula. Nikakujibu kwamba ana maringo.

Jumapili iliyopita Mama Furaha alinishika mkono mlangoni mwa kanisa. "Papa Kezia, mutoto anaenda kuishi kwa Melki. Bon. Utanyamaza mpaka tukuzike na wewe?" Nikamwambia ashughulike na wazee wake. Akasema, "Na wewe ni muzee wangu." Alhamisi nikampigia Melki simu. Nilikuwa nimejiandaa, nimesimama wima kama niko mbele ya hakimu. Nikasema, "Melki, kuna jambo." Akasema, "Shemeji, basi la mtoto linafika saa ngapi? Chumba nimeshampaka rangi. Nitamsubiri kituoni." Nikamtajia saa. Akasema, "Haya, usiwe na wasiwasi." Nikakata simu, jambo lenyewe sijalisema. Nilikasirika mpaka nikatoka nje bila koti. Mtu uliyemla nyama kwa maneno anawezaje kumpakia mwanao chumba rangi?

Ndiyo maana unaona barua badala ya ujumbe wa simu. Sikuweza kukuandikia "usitie magadi" nikaishia hapo.

Chini ya viatu kwenye sanduku lako kubwa nimeweka mfuko wa maharage meupe na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni. Jumapili ya kwanza uwapikie pale nyumbani kwao. Chumvi mwisho. Limau kila mtu ajikamulie. Usiharakishe, hata yakiwa magumu. Wakishakaa mezani, mjomba wako na mkewe na watoto wake, wasomee barua hii kwa sauti. Wote, maana hata hao watoto wamekulia chini ya jina hilo. Ukikwama kwenye Kiswahili changu, mpe mjomba amalizie. Anaujua mwandiko mbaya, na mimi niliujua wake.

Samahani siiandiki. Najua ungeitafuta hapa. Samahani ya kubebwa na mtoto kwenye basi ni ya mtu mwoga, na uoga wangu ulishatosha siku ile ya sahani. Nimemwomba mchungaji dakika tano Jumapili ijayo. Amekubali kwa furaha, anadhani nataka kujisifia wewe umepata nafasi ya chuo. Nitasimama mbele ya watu wale wale waliocheka msibani, niwaigizie tena povu, na safari hii nitasema mkono ulikuwa wa nani. Kisha nitapanda basi nije Buffalo, hata kama ni theluji ya kufika kiunoni. Melki akinifungia mlango, nitasimama nje. Usimwombe anifungulie. Na wewe ukinikasirikia, kasirika, una haki, umetoka kwangu.

Kama unafikiri mzee anatunga, mashahidi wapo. Wa kwanza ni Mama Furaha wa Westerville, aliyekuwa hatua mbili nyuma yangu na mikono yake ya sabuni. Mzee Stavro angekuwa wa pili lakini amefariki, amekwenda akijua jina lisilo la mkosaji. Wa mwisho ni Melkiori, mdogo wake mama yako, niliyemwita mwongo ndani ya nyumba hii hii. Muulize yeye. Akisema tofauti na nilivyoandika, amini la kwake, uache la kwangu.

Baba yako,
Zakaria